Rangi ya benchi imehamia kwenye kanzu ya mteja

Salaam kwako mshauri,

Nina mgahawa mdogo hapa Pangani, upande wa mjini, karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Wateja wangu wengi ni watu wanaosubiri pantoni: chai, chapati, mihogo ya nazi, na jioni samaki wa kupaka. Ndani pana joto, kwa hiyo watu hukaa nje chini ya mkungu. Nina mabenchi sita na meza tatu za msonobari, pamoja na meza moja kubwa ya mninga aliyotuachia marehemu baba mkwe.

Mwezi wa sita nilimwomba shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi rangi, anipakie mabenchi na zile meza za msonobari rangi ya buluu na nyeupe. Nilisisitiza iwe rangi ya maji kwa sababu nina pumu, harufu ya rangi ya mafuta inanibana kifua, na biashara yangu siwezi kuifunga siku mbili nzima. Alikuwa na ndoo zilizobaki kwenye kazi ya kupaka nyumba, akatumia hizo. Hakunitoza hata senti. Palipendeza kweli, hata watu wakawa wanapiga picha.

Vuli ilipoingia ndipo yakaanza mambo. Jua likipiga baada ya mvua, mabenchi yananata. Ukikaa kidogo, ukiinuka unasikia nguo inavyobanduka. Ijumaa moja mzee wa heshima zake alitoka msikitini akaja kunywa kahawa. Aliposimama, kanzu yake nyeupe ilikuwa na mistari ya buluu nyuma. Yeye hakusema neno baya, lakini waliokuwepo walicheka, na mimi aibu hiyo bado ninayo. Sasa rangi inatoka magamba magamba. Miguu ya mabenchi imekuwa myeusi, vichwa vya misumari vinachuruzika kutu, na kwenye ile nyeupe yametokea madoa ya njano na kahawia hasa penye vifundo vya mbao.

Shemeji anasema niliyataka mwenyewe, rangi ya maji haipakwi kwenye mbao za nje, na dawa ni kupaka ya mafuta juu yake. Tena anataka aipake na ile meza ya mninga ili vifanane. Muuza rangi wa Tanga mjini ananiambia ipo rangi ya maji ya mbao za nje, na inadumu kuliko ya mafuta. Mume wangu yeye anasema tu nisigombane na nduguye. Nimsikilize nani?

Mama Mgahawa, Pangani

*

Mama Mgahawa,

Msikilize muuza rangi, japo naye ana lake la kuuza. Shemeji yako amekosea sababu lakini hajakosea yote, na nitakuonyesha mahali ambapo rangi ya mafuta ina kazi yake. Kilichokuharibia si maji. Ni rangi ya ukuta iliyopakwa kwenye ubao, tena ubao ambao, kwa jinsi ulivyoeleza, haukuandaliwa hata kidogo.

Ndani ya kila rangi kuna kitu kinachofanya kazi ya gundi, na ubora wa rangi uko hapo zaidi kuliko kwenye rangi yenyewe unayoiona. Rangi ya ndoo ya kupakia nyumba, hasa ile ya bei ya chini, ina gundi kidogo na unga wa chokaa mwingi. Ukutani hiyo si shida. Ukuta hautanuki na kusinyaa kama ubao, na hakuna mtu anayeukalia. Ubao wa msonobari hunywa unyevu wakati wa mvua ukatanuka kwa upana, jua likiwaka unasinyaa, na mchezo huo hauishi mwaka mzima. Rangi ya ukuta haiwezi kuufuata, kwa hiyo inapasuka na kuachia. Kunata nako kuna sababu yake: gundi ya rangi hizo ni laini, jua la Pangani linailainisha zaidi, kisha anakuja mtu mwenye kilo sabini anaikandamiza kwa kanzu. Inashika kile kilicho karibu.

Rangi ya maji unayoitaka ni ya akriliki, yaani yenye gundi ya plastiki, na kopo lake limeandikwa kwamba ni ya mbao na chuma, kwa matumizi ya nje. Usiende dukani ukasema tu “nipe rangi ya maji”, maana utapewa ileile ya ukuta. Hata zile za ukuta wa nje zinazosifiwa kuhimili mvua, ziache, ni za ukuta. Akriliki ya mbao ikishakauka na kukomaa huwa ngumu kiasi cha kukaliwa, lakini inabaki na mnyumbuko, inakwenda na ubao. Pia inaruhusu unyevu ulioingia ndani ya mbao utoke taratibu bila kuinua malengelenge. Rangi ya mafuta huanza vizuri, inang'aa, ni ngumu, mafundi wanaipenda. Tatizo ni kwamba haiachi kukauka. Inaendelea kuungana na hewa miaka yote, inazidi kuwa kavu na hatimaye inapasuka nyufa ndogondogo. Maji yanaingia kwenye nyufa hizo na kutoka hayawezi. Nyeupe yake nayo hugeuka njano, hasa kivulini, na nyinyi mko chini ya mkungu. Na wewe una pumu. Basi hilo la mafuta tuliache.

Kupaka mafuta juu ya hii iliyopo ndiyo njia ya hakika ya kupoteza pesa. Tabaka la juu hushika kwa kadiri tabaka la chini lilivyoshika, na la chini kwako tayari linaachia. Utapata gamba gumu juu ya gamba laini, yote mawili yatatoka pamoja.

Kwa hiyo itabidi itolewe, na hapa ndipo kazi ilipo. Subiri vuli iishe kabisa. Januari na Februari mna jua na ukavu wa kutosha, na ukimaliza kabla ya masika ya Machi rangi itakuwa imekomaa. Toa kila kinachotoka kwa skrepa, kisha piga msasa namba 80 mpaka kisichotoka kiwe kimeshika kweli. Lakini kabla ya kupiga msasa, kama chini ya hii kuna rangi ya zamani usiyoijua, chukua kitambaa chenye spiriti usugue: ikilainika na kuchafua kitambaa ni ya maji, isipotingishika ni ya mafuta. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma nyingine zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo ukiikuta usiichome moto na usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, sugua ikiwa mbichi, kusanya uchafu wake mbali na watoto na kuku.

Ule weusi wa miguuni ni ukungu na uozo unaoanza. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mguu huo ukatwe ubadilishwe, rangi haifufui mbao. Ikiwa ni ngumu, osha kwa jiki iliyopunguzwa, sehemu moja kwa tatu za maji, iache kama robo saa kisha suuza vizuri. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hasa ya chooni, mvuke wake unaua. Halafu osha samani zote kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Upepo wa pwani umekuwa ukizirushia chumvi miezi yote, na chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu. Ziache zikauke siku kadhaa mahali penye hewa. Ukiwa na haraka, hapa ndipo utakapoharibu. Msonobari mwingi unaouzwa kwetu unatoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na mara nyingi unafika dukani bado mbichi, basi kama utabadilisha ubao wowote, nunua mapema uuache ukauke kwanza.

Zikikauka, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: vunja kona. Ukingo wa ubao uliotoka kwenye randa ni mkali, na rangi yoyote ikipakwa kwenye ukingo mkali hukimbia, inabaki utando tu. Ndiyo maana magamba karibu kila mara huanzia pembeni. Uzungushe kwa msasa, milimita mbili tatu zinatosha. Kisha pitisha kitambaa chenye maji juu ya mbao tupu, subiri ikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Vipige msasa namba 120 kwa kufuata nyuzi. Rangi ya maji ingevisimamisha hivyo hivyo, ni afadhali visimame sasa kabla hujapaka.

Misumari. Rangi ya maji ikigusa chuma kitupu inaanzisha kutu siku hiyohiyo, ndiyo ile unayoiona inachuruzika. Ukiweza, ing'oe uweke skrubu zisizoshika kutu. Pwani hiyo si anasa. Ukishindwa, zamisha vichwa vya misumari, vipake praima ya chuma, yaani rangi ya msingi inayotangulia, red oksaidi inatosha, halafu ziba kwa puti ya mbao za nje. Usitumie puti ya ukuta.

Yale madoa ya njano kwenye vifundo ni utomvu wa msonobari pamoja na rangi ya asili ya mti, ambavyo maji ya rangi huviyeyusha na kuvileta juu. Tabaka la pili la nyeupe haliyafichi, hata la tano. Hapa ndipo shemeji yako anapopata haki yake: vifundo vipakwe praima ya kuzuia madoa, ile ya mafuta au ya spiriti, mara mbili. Ni kazi ya brashi ndogo, aifanye mbali na wewe. Ikikauka, samani nzima ipakwe praima ya akriliki ya mbao, kisha rangi yenyewe mara mbili.

Sasa upakaji. Asubuhi umande ukishakauka, tuseme saa tatu, kivulini, na mkono ukome saa tisa au kumi ili rangi iwahi kukauka kabla ya unyevu wa jioni. Adhuhuri juani msipake. Maji yanakimbia kabla gundi haijaungana, alama za brashi zinabaki, na utando unakuwa dhaifu ingawa kwa macho umekauka. Tabaka la kwanza mnaweza kulegeza kwa maji, yasizidi sehemu moja kwa kumi. La mwisho lisiongezwe tone. Ninajua desturi ya kuongeza maji mpaka rangi inakuwa kama tui la pili, na ninajua pia kwamba ndiyo desturi inayowarudisha mafundi kwenye kazi ileile kila mwaka.

Pakeni chini ya viti pia. Mteja haoni, lakini mvua inaruka kutoka ardhini na unyevu hupanda. Halafu miguu: ncha ya ubao pale ulipokatwa inanyonya maji kuliko upande wowote mwingine, kwa hiyo geuza benchi miguu juu, paka praima kwenye nyayo zake mpaka ziache kunyonya, na baadaye gongelea vipande vya tairi au kandambili kuukuu ili ubao usikanyage udongo. Kama mbao za kukalia zimeunganishwa bila nafasi, mwambie seremala aachanishe kidogo maji yapite. Bila hivyo yatatuama hapo na jitihada yote itakuwa bure.

Baada ya saa mbili hadi nne rangi itakuwa kavu ukiigusa, soma kopo lako. Kukauka si kukomaa. Akriliki huchukua wiki mbili mpaka nne kufikia ugumu wake, na katika muda huo ikikaliwa juani au ikiwekewa birika la moto inaweza kushika tena. Wewe huwezi kufunga mwezi mzima, kwa hiyo fanya mabenchi matatu kwanza, mengine yaendelee na kazi yakiwa yametandikwa mikeka, kisha ubadilishe. Wiki mbili za kwanza tandika mkeka na hayo mapya. Meza zako tatu ningezipaka miguu na fremu tu, uso nikaufunika kwa kitambaa cha plastiki kile cha maua. Sufuria na vikombe vya moto ni adui wa rangi yoyote.

Kuhusu rangi ipi, endelea na buluu, lakini isiwe ya kuiva sana. Nyeusi au buluu nzito juani hupata moto, utomvu unasukumwa nje, na wateja wataungua mapaja. Na mtu asikushawishi kupaka vanishi angavu eti uonekane uzuri wa mbao. Jua linapita ndani yake kama halipo, linaharibu uso wa ubao chini, na vanishi inabanduka yenyewe. Kinachokinga ubao dhidi ya jua ni ule unga wa rangi unaouficha.

Meza ya baba mkwe isiguswe na brashi ya rangi. Mninga ni mti mtulivu, hautanuki wala kusinyaa sana, na kiini chake hakiliwi ovyo na wadudu wala uozo. Ukiupaka nyeupe utakutolea madoa mekundu ya kahawia mpaka uchoke, na umeficha kitu ambacho watu siku hizi wanakitafuta kwa bei kubwa. Kama umeshakuwa wa kijivu, usuguliwe msasa namba 120 kisha 180 kwa kufuata nyuzi, upakwe mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo ndani yake, ya ziada yafutwe. Mafuta ya linsidi matupu pwani huota ukungu. Matambara yaliyofutia mafuta yatandazwe nje yakauke, yasifungwe kwenye rundo, huwaka yenyewe. Na wewe siku hiyo uwe kwa jirani: vumbi la mninga linajulikana kuchochea pumu kwa baadhi ya watu. Hata vumbi la msonobari si la kuvuta, shemeji avae barakoa.

Kiasi cha kununua: benchi la mita moja na nusu, ukihesabu juu, chini, pembeni na miguu, lina kama mita mbili za mraba. Sita ni kumi na mbili. Meza tatu bila nyuso za juu, weka mita nne. Lita moja hupaka kama mita kumi za mraba kwenye mbao laini, kwa hiyo mara mbili ya mita kumi na sita ni lita tatu na ushei. Kopo moja la lita nne linakutosha, na kama unataka nyeupe pia, chukua lita tatu za buluu na moja ya nyeupe. Praima chukua lita mbili. Mbao tupu zinakunywa, na zile nyayo.

Kanzu ya mzee, kama bado anayo hivyo ilivyo, mwombe akupe. Loweka doa kwa spiriti, jaribu kwanza pindoni ndani, sugua kwa mswaki laini kisha fua kwa sabuni. Rangi ya maji ya aina hiyo hulainika, huenda isitoke yote lakini itapungua sana. Ikigoma, mnunulie nyingine.

Limebaki la shemeji. Mumeo ana busara, kugombana hakuna faida, na kusema kweli yule kijana alikusaidia kwa alichokuwa nacho. Lakini safari hii mlipe. Ndugu anayefanya kazi bure humwambii “rudia hapa”, na unayemlipa unamwambia. Nenda naye dukani Tanga, mwache yeye amuulize muuza rangi maswali, mbele yako, ili likija kuwa wazo liwe lake pia. Kubalianeni bei ya ufundi kabla hajashika skrepa. Umpe nusu baada ya praima, ukiwa umeshageuza kila benchi miguu juu na kuangalia chini yake, na nusu iliyobaki baada ya wiki mbili za jua.